Funguo Katika Pindo la Leso

Nilistaafu nikiwa na miguu mizima, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa msimamizi wa vibarua wa barabara. Nililala kwenye hema kando ya lami ambayo bado haijamwagwa, na barabara ilipokwisha tulikunja hema tukaenda kuanza nyingine. Kisha siku moja wakanikatia keki, wakanipa saa ya ukutani, mkubwa akatoa hotuba, wakaniambia niende nikapumzike. Hakuna aliyenieleza mtu hupumzika vipi.

Nilikuja kupumzika Kitengela, katika nyumba aliyoijenga mke wangu. Nasema aliyoijenga yeye kwa sababu mimi nilituma pesa tu. Yeye ndiye aliyekuwa akitoka kufundisha darasa la tatu, anakuja kusimama juu ya udongo ule mweusi unaonasa viatu, anagombana na mafundi mpaka jioni. Nilipoingia na sanduku langu la bati, nyumba ilikuwa imekwisha, mapazia yametundikwa, na kando ya ukuta sukuma wiki yake imestawi kwa maji ya kununua. Alinionyesha kiti kikubwa sebuleni, akasema hicho ni changu. Nilikikalia wiki mbili, basi.

Mtaa wetu mchana ni wa mbwa, wasichana wa kazi na wastaafu. Wenye ajira huondoka alfajiri kwenda Nairobi na kurudi giza limeingia. Nilikuwa natembea hadi barabara ya Namanga kutazama malori, narudi, halafu natoka tena. Nilipiga gumzo na wauza maji mpaka punda wao wakanizoea. Hata nikiwa nimekaa, mkono wangu ulikuwa mfukoni ukichezesha funguo, na mke wangu, ambaye ni mtu mpole, alikuwa akiinua macho kutoka kwenye sweta analofuma, ananitazama, anaendelea kufuma. Watu wa kwetu magharibi walinishauri nirudi nyumbani nikafuge kuku. Nilikwenda, nikakaa mwezi mmoja. Huko nilipewa heshima nyingi na kazi sikupewa. Kila msiba nilitafutiwa kiti cha mbele. Nikarudi Kitengela kabla sijazeeka.

Hapo ndipo niliponunua kibasi. Shule moja ya jirani ilikuwa inabadilisha magari, ikaniuzia gari lake kuukuu, la watu kumi na wanne, la njano kama yalivyo magari ya shule. Niling'oa viti vyote vya nyuma. Fundi mmoja wa vitanda wa kando ya barabara akanitengenezea kitanda cha mbao chenye droo chini. Nikaweka jiko la gesi, mtungi wa maji wenye bomba, beseni, na kamba ya kuanikia taulo. Mke wangu alishona mapazia ya maua. Rangi nilisema nitaibadilisha mwezi ujao, na huo mwezi ujao bado haujafika. Nikitoka asubuhi, watoto wenye mikoba hujipanga wakiniona. Mama mmoja aliwahi kuufungua mlango na kumsukuma mwanawe ndani, akamkuta mke wangu amekaa kitandani anakunywa chai.

Watu walidhani nilinunua gari lile kwa sababu ya kiherehere changu, na sikuwakatalia. Lakini sababu niliyompa mke wangu, ambayo ndiyo iliyomfanya akubali, ilikuwa binti yetu.

Binti yetu ameolewa Kimana. Mume wake ni mkulima wa vitunguu, kijana ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka mkoa wa Kati, mtu mwenye adabu na maneno machache. Kwetu mzazi halali chini ya paa la mkwe wake. Unakwenda, unakaribishwa, unakula kuku, lakini jua likianza kushuka unaaga. Mkwe wangu mwenyewe alituambia kwamba kwao hilo halina shida sana, tulale tu, vyumba vipo. Alisema kwa nia njema. Lakini mke wangu alilelewa hivyo na mama yake, na mama yake alilelewa hivyo, na mimi pia. Kwa hiyo tangu harusi ilikuwa ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, saa nyingi za barabara kwa ajili ya mlo mmoja. Binti yetu alipoteza mimba mara mbili. Mara zote mbili mke wangu alifika mchana, akamshika mkono, akaondoka kabla ya jua kuzama. Mara ya pili, tulipofika Emali, alisema hajawahi kumwona mtoto wake akiamka.

Basi kabla sijanunua kibasi nilimpigia simu baba yangu mdogo, ambaye ndiye mwenye kuulizwa mambo kama hayo. Nikamweleza. Akauliza kama hilo gari lina mlango wake. Nikasema lina. Lina moto wake wa kupikia? Nikasema kuna gesi. Kitanda ni chenu au cha kuazima? Chetu. Akasema basi hiyo ni nyumba, iwekeni hapo mlale kwenu, ila mlango usitazamane na mlango wa binti. Akakata simu bila hata kuniuliza hali.

Kwa hiyo ilikuwa nyumba. Mimi mwenyewe ndiye niliyeitafutia hukumu hiyo, na nataka ikumbukwe, maana ndiyo iliyonirudia baadaye.

Mwanzoni tulikwenda Kimana kweli. Tulilala usiku mmoja, mke wangu akamwona binti yake akitoka nje asubuhi na mswaki mdomoni, akafurahi kupita kiasi. Lakini mimi nilikuwa nimepata magurudumu. Nikaanza kutembelea kila mtu niliyewahi kufanya naye kazi. Tulikwenda Ewuaso Kedong kwa mzee mmoja aliyekuwa mpishi wetu kambini, sasa ana duka la vifaa vya ujenzi. Tulikwenda Bisil kwa rafiki yangu mkubwa, Mmaasai aliyekuwa dereva wa greda, ambaye siku hizi ananunua na kuuza ng'ombe. Safari ya kwanza ya Bisil ilitutia aibu. Mke wake alituona tukiteremsha mapazia tulale garini, akauliza kama nyumba yake inanuka. Ilibidi tuingie ndani, tunywe maziwa, tulale kwake, na kibasi kilale peke yake nje na mapazia yake ya maua.

Popote tulipokwenda sikuweza kukaa zaidi ya usiku mmoja. Asubuhi ya pili nilikuwa nishapima maji ya rejeta kabla wenyeji hawajaamka. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, na mke wangu aliipenda methali hiyo, alikuwa akiisema anapokunja blanketi. Hakulalamika. Alikuja nami kila mahali na sweta lake la kufuma, na tukirudi Kitengela kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kuona kama sukuma imekauka.

Mwaka huu binti yetu akapata ujauzito wa tatu. Mimba ilipoingia mwezi wa sita daktari alimwambia alale, asisimame ila kwenda chooni, na asikae peke yake. Mke wangu alipokea simu hiyo akiwa bustanini. Aliingia ndani akaanza kutia nguo kwenye droo za kibasi, zote, hata koti la baridi. Nilimuuliza ni za siku ngapi. Akasema, "Tunaenda Kimana, na safari hii tunakaa mpaka mtoto azaliwe." Nikasema sawa. Nilisema haraka kwa sababu nilikuwa nasikia kuondoka tu, sikusikia kukaa.

Tuliegesha kando ya mfereji, chini ya mgunga, mlango ukitazama shamba kama alivyotaka baba mdogo. Kila siku kabla hakujapambazuka mke wangu alivuka ua akaingia kwa binti yake, akampikia uji, akamwogesha, akamsomea, na usiku alirudi kulala. Hatua kama ishirini. Mkwe wangu alikuwa na nafasi ya kwenda sokoni na kurudi bila wasiwasi. Kila mtu alikuwa na kazi yake isipokuwa mimi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mkwe hawezi kumpa baba mkwe jembe, kwa hiyo siku ya tatu nililichukua mwenyewe. Niliutazama mfereji wao nikaona umechimbwa na mtu ambaye hajui mteremko. Nikaurekebisha. Kesho yake maji ya zamu yetu yote yaliingia kwenye nyanya za jirani. Mkwe wangu aliniambia asante, mzee, kazi nzuri, na jioni nilimwona kwa mbali akiufukua tena ulivyokuwa. Baada ya hapo nilitembea. Nilikwenda Kimana mjini kununua kiberiti, nikarudi, nikakumbuka chumvi. Niliosha gari ambalo halikuwa limekwenda popote. Usiku nililala nikisikia maji yakipita mferejini, na nilikasirika kwamba hata maji yalikuwa yanakwenda mahali.

Siku ya tisa asubuhi nilimwambia mke wangu twende Bisil, siku mbili tu, tunarudi.

"Wewe nenda," alisema. "Mimi siwezi toka hapa. Lakini hii nyumba uniachie."

"Hii ni gari, Mama."

Alinitazama. Alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya uji. "Sawa, Baba," akasema.

Nimekaa na mwanamke huyo zaidi ya miaka arobaini na nazijua sawa zake zote. Ile sikutaka kuijua. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na sababu ninayoweza kuiandika hapa bila aibu. Nilikuwa nimechoka kukaa, basi. Ningeweza kwenda stendi nikapanda gari kama watu wengine. Lakini mimi nilikuwa mtu mwenye kibasi. Aliingia akatoa mto wake, blanketi moja, Biblia, tochi na leso mbili, akavipanga juu ya nyasi. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Nilifikiri atalala kwa binti. Hapana, nisijipambe. Sikufikiri. Nilikuwa nasikiliza injini.

Nilipita Emali, nikaingia barabara kuu, na jioni nilikuwa Kitengela. Nilifungua nyumba, nikaketi kwenye kile kiti changu, nikainuka. Nilimwagilia sukuma wiki kwa nusu ndoo ili niwe na la kumwambia. Nikampigia simu. Nilimuuliza binti anaendeleaje, akasema salama. Nilimuuliza mkwe amerudi, akasema amekwenda Emali na vitunguu, atalala huko siku mbili. Nikamwambia nimemwagilia bustani. Akasema vizuri. Ndivyo tulivyoagana.

Kesho yake mchana nilikuwa Bisil. Ilikuwa siku ya mnada, vumbi limesimama, na rafiki yangu alikuwa kati ya ng'ombe zake akibishana na mnunuzi. Akaniona, akaniamkia kwa Kimaasai, "Sopa," nikamwitikia "Ipa" kwa matamshi yangu mabaya, akacheka kama anavyocheka kila mara. Tuliketi kwenye hoteli moja ya mabati, tukaagiza chai ya maziwa. Alitazama nyuma yangu, kwenye gari, akitarajia mlango ufunguke.

"Mama ako wapi?"

Nikasema nimemwacha Kimana, kwa binti, kuna ujauzito unaohitaji uangalizi. Akatikisa kichwa, akasema hiyo ni vizuri. Akakoroga chai. Yeye pia ana mabinti walioolewa, na kwao mama mkwe na mkwe ni mambo mazito kuliko hata kwetu.

"Na analala wapi?"

Rafiki yangu aliniangalia, kisha akaliangalia tena gari la njano pale nje, kitanda kikionekana dirishani. Hakucheka.

"Sisi, nyumba inajengwa na mwanamke," alisema. "Enkaji ni yake, hata mimi mzee naingia nikikaribishwa. Mwanaume akikasirika anachukua rungu yake anaenda. Mimi sijawahi ona mwanaume akikasirika anaenda na nyumba."

Sijawahi kupigwa nikiwa mtu mzima, lakini najua sasa inavyokuwa. Niliiacha chai mezani. Nilitoka nje nikampigia mke wangu, nikamuuliza jana alilala wapi.

"Nililala," akasema. "Uko Bisil? Wasalimie."

Nilitaka kuondoka saa ile ile. Rafiki yangu alichukua funguo mezani akaziweka chini ya kofia yake, akasema macho yangu ya usiku anayajua tangu kazini, nitaondoka kukipambazuka. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza niliyokwenda Bisil nikatamani kuondoka kwa sababu iliyo na maana.

Nilifika Kimana karibu na adhuhuri. Nyumba ya binti ilikuwa imefungwa. Mama mmoja kibarua aliyekuwa akikata majani ya vitunguu kivulini alisimama akanieleza bila kuniangalia sana. Alfajiri binti alikuwa ameona damu. Mkwe alikuwa bado hajarudi kutoka Emali na pikapu. Mama mzee alikimbia akaomba gari la jirani la kubeba nyanya, wakamlaza binti nyuma, juu ya magunia, wakampeleka hospitali ya Loitokitok. Alitaja magunia mara mbili.

"Mama mzee alisikia saa hiyo hiyo," akaongeza, "kwa sababu alikuwa hapa tu."

"Hapa wapi?"

Akanyoosha kisu kuelekea ghala. Ni banda la mbao, si nyumba ya mtu kulala, lililoinuliwa kwenye nguzo, kuta zake zina nafasi ili upepo ukaushe vitunguu. Nilipanda. Kati ya marundo mawili alikuwa amefagia sehemu yenye urefu wake. Magunia matatu matupu, blanketi limekunjwa, mto, Biblia, tochi. Leso moja ilikuwa imefungwa kwenye mbao upande wa upepo. Ana miaka sitini na mitatu na magoti yanayomsumbua wakati wa baridi. Alikuwa amelala humo usiku mbili, na mchana ule wa pili akaniambia niwasalimie wa Bisil.

Sitasema nililia. Nilikaa kwenye magunia hayo muda mfupi, kisha nikaona nakaa wakati mtoto wangu yuko hospitali, nikaondoka.

Loitokitok nilimkuta mke wangu kwenye benchi nje ya wodi, viatu vyake vimejaa udongo, akinuka vitunguu. Aliniambia damu imekatika na moyo wa mtoto umesikika. Aliniambia hivyo kwanza, kabla sijauliza, kwa sababu alijua nimekuja na hofu, na hata siku ile hakutaka kuniadhibu kwa hofu hiyo. Niliketi kando yake. Nilisema nimeona ghala. Akanyoosha mkono, kiganja juu. Nikaweka mkono wangu ndani yake.

"Si mkono," akasema. "Funguo."

Nilizitoa mfukoni, zote, hata za kabati la Kitengela. Alizifunga katika pindo la leso yake, fundo mara mbili, akalichomeka kiunoni. Kisha ndipo akanishika mkono.

Binti alikaa hospitali siku nne. Alirudi nyumbani amelala kwenye kitanda cha kibasi, mama yake pembeni, mkwe wangu akiendesha polepole kukwepa mashimo. Mimi nilikalia mtungi wa maji, na njia nzima nilikuwa nikiona kila shimo kabla yake, nikiuma ulimi.

Basi tukakaa. Nisidanganye kwamba nilibadilika. Nilichukia kila asubuhi ya wiki zile. Mkono wangu uliingia mfukoni mara mia ukakuta kitambaa. Nilitembea ukingo wa mfereji mpaka nikakanyaga njia yangu mwenyewe, na vibarua wakaanza kuitumia. Nilijenga ngazi ya mawe mbele ya mlango wa kibasi kwa ajili ya magoti yake. Nikaweka turubai la kivuli. Yeye akapanda sukuma kwenye makopo, akayapanga kando ya matairi, na mvua ilipokuja nyasi zikaota mpaka kwenye rimu. Nilipoziona nyasi hizo nilijiona kama mtu aliyefungiwa.

Na nikiwa natembea hivyo, nilikuwa nahesabu jambo moja ambalo sikuwahi kulihesabu. Katika miaka yangu ya kambi nilimwandikia barua nyingi, na kila barua ilieleza nilipolala. Hema limevuja, hema limeshambuliwa na mchwa, tumehamia ng'ambo ya mto. Alizijibu zote. Alihama nyumba za kupanga na watoto watatu, nadhani mara saba au nane, peke yake, mara nyingine kwa mkokoteni, na sikumbuki hata barua moja niliyomuuliza yeye amelala wapi. Nilimwambia hilo jioni moja tukiwa chini ya turubai. Alisema nane. Kisha akaniomba nimshikie uzi.

Mtoto alizaliwa wiki tatu kabla ya siku yake, kwa upasuaji, msichana mdogo mwenye sauti kubwa. Mke wangu alikuwepo. Alikuwepo usiku, alikuwepo asubuhi, na alimwona binti yake akifungua macho.

Walipotolewa hospitali nilisema mama mzazi anahitaji supu ya kondoo mnono, na kondoo wazuri nawajua waliko. Mkwe wangu akasema hata Kimana kuna mnada, mzee. Mke wangu akamwambia amwache mzee aende. Alipeleka mkono kiunoni, kwenye lile fundo, akaanza kulifungua. Nikamwambia aache. Kulikuwa na lori la mbuzi linakwenda upande wa Kajiado, na dereva alikubali nikae mbele.

Rafiki yangu wa Bisil alinitafutia kondoo dume mwenye mkia wa mafuta, akakataa kusikia habari ya bei. Tukaketi pale pale kwenye mabati. Niliona akitazama nje, akitafuta gari la njano, halafu akitazama mfuko wangu uliokuwa kimya.

"Mama analala wapi?" akauliza.

"Kwake."

Alisukuma kikombe cha chai mbele yangu, na safari hii nilikunywa mpaka mwisho. Alisema kitanda kiko, nikae siku tatu, hakuna haraka. Nililala usiku mmoja, lakini asubuhi miguu ilinikimbiza, na kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nilijua inakwenda wapi. Nilipata lori jingine lililokuwa linakwenda Emali, na jingine la vitunguu likirudi tupu. Nilifika jua likiwa limeanza kushuka, saa ile ambayo zamani tungekuwa tunaaga.

Moshi wa jiko ulikuwa ukitoka dirishani, kati ya mapazia. Mlango ulikuwa umerudishwa. Nilipanda ngazi niliyoijenga, kamba ya kondoo mkononi, nikaupeleka mkono kwenye kitasa, nikaurudisha. Nikapiga hodi, nikasubiri nikaribishwe.